Mpishi Hula Kwanza

Mwaka ambao Sudan Kusini ilipata uhuru, mimi nilipata kidole. Watu wa Juba walikuwa wakicheza barabarani, bendera mpya zimefungwa kwenye pikipiki, nami nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda nyuma ya hoteli yangu pale sokoni Custom, mguu wa kulia ndani ya beseni la maji baridi, nikimwomba Mungu nzi asije akatua juu yake. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa. Shuka ikikigusa, nalia. Mimi niliyezaa watoto watatu bila kupiga kelele nililizwa na shuka.

Nasimulia haya kwa ajili ya mtu aliye na kidole hicho leo, hasa kama ni mnene kama nilivyokuwa, na hasa kama anapikia watu. Sitakudanganya kwamba mambo yaliisha vizuri. Yale mabaya kabisa yamepita, lakini hayakupita mikono mitupu.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Nilifika Juba na mume wangu Wekesa, fundi wa magari, kabla ya uhuru. Yeye alifungua gereji New Site, mimi nikafungua hoteli Custom: mabati, mabenchi manne na sufuria nne. Tulipanga nyumba Gudele. Binti yetu mkubwa, Nekesa, alibaki Bungoma akisomea ualimu, huku akiwalea wadogo zake.

Kwetu, anayeleta busaa, pombe yetu ya nafaka, huinywa wa kwanza, ili mgeni aone hakuna kitu ndani. Nilipofungua hoteli niliichukua desturi hiyo bila kufikiria sana. Kila siku saa nne asubuhi, chakula kikishaiva, nilichota upawa mmoja kutoka kila sufuria: matumbo, nyama, maharagwe, na kawari, ile supu ya kwato za ng'ombe ambayo watu wa Juba wanaipenda kuliko jirani zao. Nilikaa mbele ya mabenchi nikala mpaka bakuli likaisha, kisha nikasema, "Haya, karibuni." Juba ni mji wa watu waliotoka vitani, na kila mmoja anajua ndugu aliyekula kitu mahali akafa. Waliipenda desturi yangu mno. Baada ya miezi michache hakuna mtu aliyegusa kijiko kabla yangu. Na mwili wangu ulikuwa ndio tangazo la biashara. Wageni wakiuliza chakula kizuri kiko wapi, walielekezwa kwa mama mnene.

Basi kidole kilinipeleka zahanati. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, kati ya mama mwenye mtoto wa malaria na mzee aliyekuwa akikohoa ndani ya kofia yake. Jenereta ikizimika, mtu wa maabara alitoka nje kuvuta sigara na sote tukangoja mpaka iwake tena. Daktari alikuwa Mkenya kama mimi, mtu mpole aliyechoka. Alisoma karatasi ya damu, akaniambia asidi ya yuriki imejaa, ndiyo inayotengeneza chembe ndani ya kidole, na ugonjwa huo huitwa jongo.

"Mama, unakula nini?"

Nikamwambia. Alivyonitazama, ungedhani nimekiri kosa la jinai.

"Matumbo, hapana. Kwato, hapana. Na mwili huu lazima upungue. Si kwa ajili ya kidole peke yake."

Mizani yake iliishia kilo mia, mshale wake ukagonga mwisho na kukaa hapo. Nilirudi Custom nikamweleza Halima, Msomali wa Garissa aliyekuwa na duka la jumla mkabala na hoteli yangu. Kesho yake kabla hajafungua aliniita ndani, akavuta pazia, akanipandisha juu ya mizani yake ya magunia. Kilo mia na kumi na nane. "Abaayo," akasema, ndivyo Wasomali wanavyomwita dada, "hiyo ni siri yangu na yako." Akawa ananipima kila Jumatatu, na hakumwambia mtu hata siku moja. Katika miaka hiyo yote, yule mama ndiye mtu pekee aliyenisaidia bila kunipa shauri.

Nilianza kula mboga ya terere ya kuchemsha, ndizi, uji usio na sukari. Nilimeza vidonge vya jongo. Mvua za mwaka uliofuata uhuru zilinikuta na kilo mia na tano, kiangazi kilichofuata nikawa tisini na sita. Kidole kilinyamaza. Nilipanda gari bila kusukumwa. Gauni zililegea, nikazipunguza kwa mkono wangu, na nikiinama kufunga kiatu nilikiona kiatu.

Lakini saa nne asubuhi nilikuwa nakaa mbele ya watu na bakuli tupu. Mwanzo nilionja kwa ncha ya kijiko. Kisha nikamwomba Akello ale badala yangu. Akello alikuwa Mwacholi wa Gulu, mwanamke wa umri wangu, mwembamba kama ufito, aliyekuwa akinisaidia kupika tangu siku ya kwanza. Watu walimtazama akila, wakanitazama mimi, wakaanza kuuliza. Mwalimu mmoja mteja wangu, mtu mwenye adabu, aliniuliza kwa Kiarabu cha Juba, "Mama, le sunu ita ma gi akulu?" Kwa nini huli? Nikasema daktari amenikataza. Akasema, "Daktari amekukataza chakula chako mwenyewe?" na wenzake wakaacha kutafuna.

Siku hiyohiyo Akello alinivuta pembeni. "Mama, ile watu ya benchi iko nasema wewe nakonda sababu ya ile ugonjwa. Wengine iko nasema wewe najua kitu iko ndani ya sufuria. Wao iko nakwenda kwa ile Mganda ya kona."

Ndivyo ilivyokuwa. Mpishi anayekonda, tena asiyekula chungu chake, nani atakula kwake? Benchi moja likabaki tupu, kisha la pili. Na nyumbani nako moto. Wekesa alisikia maneno ya Custom akiwa chini ya gari la mtu. Hakuniuliza kitu. Alikwenda kupima damu peke yake, kimyakimya, na karatasi nikaiona ndani ya shati lake nilipokuwa nafua. Hana ugonjwa. Nilikaa na ile karatasi kando ya beseni la nguo mpaka povu likaisha. Niliumia, na sijui kama nimepona.

"Mama Nekesa," aliniambia baadaye, "wewe kula tu. Hawa watu hawajali mguu yako. Wanaangalia mdomo."

"Na daktari?"

"Daktari ana mshahara."

Nikala. Siwezi kumsingizia kwamba alinifungulia kinywa. Nilikuwa na njaa ya mwaka mzima, na ule upawa wa kwanza wa kawari uliniteremka kama habari njema. Mabenchi yalijaa tena. Mwalimu yule alipiga makofi. Kidole kilirudi kabla ya mwezi kuisha, na kilo zilirudi zikaleta na nyingine. Jumatatu moja sikwenda kwa Halima. Hakunifuata, ila alinitumia chupa ya maziwa ya ngamia na salamu.

Kisha likaja jicho. Nilikuwa nakoroga maharagwe, na ghafla pazia la kijivu likashuka juu ya jicho la kushoto, kutoka juu kwenda chini. Halikuuma. Nilihesabu mpaka mia tatu hivi, pazia likapanda, nikaona kama kawaida. Nilimwambia Akello, "Moshi huu utatupofusha." Nani apikaye kwa kuni atafikiria kitu kingine? Nilinawa, nikanunua dawa ya matone kwa duka la dawa, nikamwita fundi wa mabati atoboe dirisha la moshi. Pazia lilishuka tena baada ya wiki mbili. Mara ya tatu nilikuwa kanisani, ambako hakuna moshi, na bado nilisema ni moshi niliokuja nao.

Nilirudi kwa daktari kwa ajili ya kidole. Jicho nilimtajia nikiwa nimeshashika kitasa cha mlango. Akaniambia kaa chini. Akachukua kile chombo cha kusikilizia kifua, akakiweka shingoni, upande wa kushoto, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Mama, hapa panavuma. Mshipa wa shingo unaopeleka damu kichwani umejaa mafuta, damu inapita kwa tundu dogo. Hilo jicho ni onyo. Nenda Nairobi au Kampala upigwe picha ya shingo. Ukiwahi, wanaweza kuufungua na kuusafisha."

"Nisipowahi?"

"Utakuangusha."

Aliandika barua, akaipigia mstari: ndani ya mwezi mmoja. Ilikuwa mwisho wa Novemba. Nikavipa vidonge vyake nafasi kwenye mkoba, nikaiweka barua ndani ya Biblia.

Kabla mwezi haujaisha, vita vikaanza. Sitaeleza vita, wako wanaovijua kuniliko. Tulilala sakafuni Gudele siku tatu, magodoro yamesimamishwa kwenye madirisha. Akello alikimbilia Nimule mpakani, akavuka kwenda kwao. Zikaja ndege za kuwatoa Wakenya, na majirani zetu wakaondoka na sanduku moja moja. Nilikuwa na barua yangu. Wekesa akasema, "Gari za watu ziko kwa gereji. Nikiondoka, hakuna gereji nikirudi." Nikasema basi tutakwenda barabara ikitulia.

Januari barabara ikatulia kidogo. Mabasi ya Kampala yakaanza kwenda. Akello akarudi. Nilitoa barua ndani ya Biblia, nikamwekea Wekesa mezani karibu na chai.

Aliisoma akaikunja. "Custom yote imefungwa. Wewe tu ndiye watu wanaamini. Ngoja mpaka Juni, wengine wakirudi, tuende pamoja."

Angesema ananizuia ningegombana naye. Lakini alisema kweli. Mji ulikuwa umeingiwa na hofu ya kila kitu. Watu waliokuwa wakila benchi moja sasa walikuwa wanatazamana mikono. Mtu aliingia, akauliza nani amepika, ametoka wapi, maji yamechotwa na nani. Kwangu waliketi kwa sababu ya lile bakuli. Nilikuwa sitoki upande wowote wa vita vyao, na nilikula kwanza. Siku nyingine mtu alifika saa saba akanitaka nile tena mbele yake, nami nikala. Nilipenda kuhitajika. Hilo nalisema wazi, kwa sababu ukifika mahali pangu utatafuta mtu wa kumlaumu, na utamkuta pia kwenye kioo. Pazia lilishuka mara nne kati ya Januari na Aprili, sikumwambia mtu.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa tano, mvua imenyesha asubuhi. Saa nne nilichota kama kawaida. Nilikula matumbo, nikala nyama. Nilipoinua kijiko cha kawari mkono wa kulia ukakataa. Kijiko kilianguka, na supu niliyokuwa nayo mdomoni ikatoka upande mmoja ikanitiririka kifuani. Nilitaka kusema "nishikeni." Ilitoka sauti ya ng'ombe.

Na hapa ndipo desturi yangu iliponilipa. Mwonjaji ameanguka, maana yake ni moja tu. Mtu akapiga kelele kwamba chakula kina sumu. Wachache waliokuwa wameshaonja pembeni bila kunisubiri wakatia vidole kooni. Benchi likapinduka. Wanaume wawili walimkamata Akello mikono, mmoja akasema asiondoke mtu, wala gari lisisogee, mpaka polisi waje. Nilikuwa chini kwenye matope, nasikia kila neno, siwezi kusema hata moja. Nilitaka kuwaambia ni shingo. Nilikuwa nalijua jina la ugonjwa wangu wakati wao wote hawalijui, na ulimi ulikuwa umelala.

Halima alivuka barabara na pikapu ya dukani kwake, wakaizuia.

Akello akajinyakua. Alichukua upawa wangu, akaenda kwenye sufuria ya kwanza, akala. Akaenda ya pili. Alikuwa analia na kula, mchuzi unamtoka puani. "Tazama," aliwaambia. "Mimi iko nakula. Yote. Kama ni sumu mimi nakufa na yeye. Sasa acha mama nakwenda hospitali." Alipitia sufuria zote nne, akaweka upawa chini, akasimama mbele yao akingoja kufa. Walimtazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko vita. Kisha mmoja akasogea kando ya gari.

Zahanati ya karibu iliambiwa ni sumu, basi ikanitibu sumu. Walininywesha maziwa yakanipalia. Jioni ndipo Wekesa alipofika na barua, mkono wake una girisi, na wakaisoma.

Wiki ya kwanza sikuwa na upande wa kulia. Nesi akiniosha mkono ule niliona anaosha mkono wa mtu mwingine aliyelala nami. Nilijifunza kumeza maji kwa kijiko. Neno la kwanza kurudi lilikuwa "hapana," na nikalitumia kwa kila kitu. Juni, ule mwezi tuliokuwa tumepanga kusafiri pamoja, tulisafiri kweli: mimi nimelazwa kiti cha nyuma, miguu juu ya mapaja ya Akello, mpaka Nimule, mpaka Gulu, ambako Akello alishuka kwao. Aliniegemezea mto vizuri akafunga mlango polepole. Hajawahi kupika hoteli tena.

Eldoret tulingoja siku nne kupigwa picha. Kile chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, mmoja akikohoa sote tunatikisika. Nekesa alikuja kunilisha ndizi iliyopondwa, akijifanya hanioni nikidondosha. Mtu wa picha alinipaka mafuta baridi shingoni akapitisha kifaa chake, upande wa kushoto kwa muda mrefu, upande wa kulia, akarudi tena wa kushoto.

Daktari aliniita Wekesa akiwa ametoka kutafuta maji. Alikuwa mama wa makamo. Aliongea taratibu, akaniangalia mimi, hakuangalia ukuta.

"Wa kushoto umeziba wote. Ukiziba wote hatufungui tena, hakuna faida, ni hatari tu. Damu inazunguka kupitia kulia. Na wa kulia umebaki nusu."

Nilichukua muda kupanga maneno. "Ningekuja Januari?"

"Januari tungekufungua, mama."

Wekesa aliporudi na chupa ya maji alikuta tumemaliza. Nilimwambia umeziba, basi. Hilo la Januari sikulisema.

Sasa tuko Bungoma. Tulirudi kwa ajili ya matibabu, kisha vita vikaanza tena Juba, na gereji aliyokuwa akiilinda Wekesa haipo. Natembea na fimbo. Mkono wa kulia unashika kikombe kisicho na kitu. Kidole bado kinanitembelea msimu wa baridi, na vidonge nimevipanga ndani ya katoni ya mayai, vya asubuhi na vya jioni. Nina kilo themanini na nne, ambazo sasa hazimshangazi mtu. Wekesa ndiye anayepika. Hajui kupika. Anachemsha terere, viazi, maharagwe kidogo, na anakula hichohicho ninachokula mimi, kutoka sahani moja, ingawa hakuna anayemlazimisha. Amekonda kuniliko. Majirani wameanza kumuuliza kama yuko sawa.

Ninachoweza kukuambia wewe ni kidogo. Pazia likishuka kwenye jicho, usitafute moshi. Ukikonda na watu wakasema, waache waseme. Mengine utayajua mwenyewe benchini.

Maneno haya namwambia Nekesa naye anaandika, kwa kuwa mkono wangu hauwezi. Jana alifika pale pa Januari, akaacha kuandika.

"Mama, hii niifute? Baba ataisoma."

"Usiifute."

"Basi mwambie kabla."

Nilimwita Wekesa kutoka uani. Alikuja na kisu, alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia kwa ulimi wangu huu mzito, neno moja moja, kwamba Januari wangenifungua, na kwamba daktari aliniambia siku ileile. Alisimama mlangoni. Maji ya viazi yalikuwa yanamdondoka vidoleni.

"Na huo wa kulia?" akauliza mwishowe.

"Nusu."

Akaketi kwenye kiti cha Nekesa, kisu juu ya goti. Alikaa hivyo mpaka sufuria ikaanza kuchemka jikoni, na hakuna aliyeinuka.

"Basi leo," akasema, "nitapunguza chumvi."

Nikamwambia chumvi hatuna ya kupunguza. Tuliiacha zamani.